Godoro la Chini ya Machela

Zamu wetu wa sasa hukaa juu ya kiti. Ni mtu mzuri. Jioni anafunga lango, anakaa juu ya kiti chake, asubuhi tunamkuta pale pale. Sina neno naye. Lakini kila nikiingia kiwanjani macho yangu yanakimbilia ile pembe ya baraza, kati ya nguzo mbili, na nikiona hakuna kitu kinachoyumba hapo naanza kutafuta kazi ya mikono. Nafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nashona mfuko, naufumua, naushona tena. Mimi ni mshonaji wa magodoro, na kazi hii inataka mtu akae chini atulie, lakini tangu tulipomzika mzee aliyelinda kabla yake situlii. Hata maneno haya nayaandika nimesimama, karatasi juu ya meza ya seremala.

Kwetu Kamina mlinzi anaitwa zamu. Yule mzee tulimwita Baba Zamu, sisi sote wa kiwanjani na wateja pia. Jina lake la ubatizo nililisikia siku ya mazishi, padri alipolisoma, nikageuka nyuma nione ni nani anayetajwa. Sitaliandika hapa. Halimfai.

Kiwanja chetu kiko nyuma ya soko. Seremala anafanya kazi upande mmoja, mimi upande mwingine, na katikati kuna mbao zake na malundo yangu ya majani makavu na maganda ya mahindi. Langoni huja mama mmoja, mke wa askari wa base, ile kambi ya jeshi, kuuza mablanketi. Yeye ni mtu wa kule mtoni, mkoa wa Ekwateri, na Kiswahili chake kina Kilingala ndani. Baba Zamu alikuwa anatulindia vyote hivyo, na alilala hapo hapo barazani, ndani ya machela aliyoisuka mwenyewe kwa kamba ya nyavu. Alikuwa mvuvi zamani, upande wa Kinkondja.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Kifua chake kilikuwa kibaya. Mwaka juzi, baridi ilipokwisha, muuguzi alimwekea sikio mgongoni, akasikiliza, akatuambia mimi na seremala, kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini: huyu mzee akilala tena hewani wakati wa baridi, msinitafute. Tukaelewa. Ilibidi ashuke machelani alale juu ya kitanda, au ipatikane njia ya kumpa joto mle mle. Naye kushuka hakutaka.

Watu wanadhani zamu ni mtu wa kutulia. Yule hakujua kutulia ni nini. Mchana, wakati wa kupumzika, alizunguka kiwanja akigusa vitu, msumeno, pipa, mgongo wa mteja asiyemjua. Alianzisha hadithi kwa seremala akaimalizia kwangu, kwa sababu miguu ilikuwa imempeleka. Seremala alikuwa na mwanzo, mimi nina mwisho. Tulikuwa tunangoja aende kanisani ndipo tunaunganisha.

“Kwangu katekista ameenda Kabondo-Dianda kwa baiskeli, ameacha shamba yake ya mihogo,” seremala anasema.

“Kwangu kiboko amelala mbele ya altare, bantu banamuombea atoke,” nasema mimi.

“Basi katikati yake njo nini?”

Katikati tulikuwa hatuna. Alikuwa ameipoteza njiani, kati ya mbao na majani.

Kanisani alikwenda Misa ya asubuhi, akasimama nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka ya mwisho. Nilimwuliza kwa nini hangoji baraka. “Itanikuta mu njia,” akasema. Alivaa rozari shingoni, chini ya shati, na aliisali kwa kweli, niliona midomo yake. Lakini mtu asingeweza kumwambia kwamba jambo fulani ni mapenzi ya Mungu. Siku moja mteja wangu, mama mwenye heshima, alisema hivyo juu ya jirani aliyekufa. Baba Zamu alikuwa anapita na ufagio. Alisimama, akamwuliza, “Alikuambia weye?” Yule mama alichukua godoro lake bila kulikagua.

Juu ya hiyo machela kila mtu alikuwa na maelezo yake, na yote yalitoka kwake mwenyewe. Seremala aliambiwa ni kwa sababu ya nyoka. Mke wa askari aliambiwa kwamba huko ziwani Kisale watu wanajenga juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, kwamba yeye amekulia juu ya kitu kinachotembea, na kitanda kisichotembea kinamtia kichefuchefu. Padri aliambiwa ni malipizi ya dhambi. Mimi nilikuwa na haki ya kuuliza kuliko wote, maana mtu analala hewani mbele ya duka langu la magodoro, matela kama tunavyosema kwetu, na wateja wanatazama.

“Baba, weye unaniharibia kazi,” nilimwambia. “Shuka. Nitakupa matela mupya, ya maganda, hakuna muntu alilalia.”

“Mama Matela, minyi niko zamu. Kitanda inalalishaka muntu. Hii inamupumuzisha tu.”

“Jana ulikoroma mpaka mbuzi bakajibu.”

“Njo kazi ile. Mwizi akisikia, anajua kuko muntu.”

Mwizi alikuja kweli, alfajiri moja. Na hapa lazima nieleze kitu, la sivyo mgeni hataelewa kwa nini tulicheka mwezi mzima. Kwetu kitu kile cha kamba au kitambaa kinachofungwa pande mbili hakina sifa ya mapumziko. Seremala, aliyesoma kidogo, anajua jina lake la Kifaransa, hamaki. Sisi wengine tunasema tipoyi. Tipoyi ni ya kumbebea mtu. Zamani machifu na Wazungu walibebwa humo, lakini hao hatukuwaona. Tuliowaona sisi ni wagonjwa, wanaotolewa vijijini kwa njia mbaya mahali ambapo gari halifiki, wanaume wawili mbele na nyuma na mti begani. Wengine wanarudi katika tipoyi ile ile wamefunikwa mpaka usoni. Kwa hiyo mtu mzima kujilaza katika tipoyi bila ugonjwa ni kama kujaribu jeneza. Wako wateja waliokuwa wanapitia upande wa seremala ili wasipite chini ya kamba zake.

Basi mwizi akaruka ukuta, akatua barazani, akakuta kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe kinaning’inia kati ya nguzo, kinayumba polepole. Akasimama. Na kile kitu kikasema, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye usingizi, “Funga mulango, baridi inaingia.”

Viatu vya mwizi viliachwa pale pale, kimoja huku, kingine kule. Baba Zamu alivivaa mpaka vikaisha, na mtu akivisifu alisema ni zawadi ya rafiki.

Tulicheka. Lakini seremala, ambaye ni mwoga wa mambo hayo, alikuwa anamwambia kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, “Baba Zamu, shuka mu ile tipoyi. Uko mugonjwa? Uko maiti?”

“Maiti haijibuke. Minyi niko nakujibu.”

“Siku moja hautajibu.”

“Siku ile usiniulize.”

Mtu asiyeijua Kamina atasema: nchi ya jua, baridi gani hiyo? Aje mwezi wa sita. Tuko nyanda za juu, upepo unapita kwenye nyasi kavu bila kukutana na kitu. Kwa Kiluba tunaiita mashika, na ukilitamka neno hilo asubuhi unaliona linatoka mdomoni kama moshi. Mke wa askari aliyazoea mambo mengi ya kwetu, mashika hapana. Alikuja langoni amejifunga mablanketi ya kuuza, mtu akitaka kununua analivua moja mwilini, linauzwa likiwa na joto lake.

“Papa, malili oyo ekoboma yo!” alimpigia kelele Baba Zamu. Baridi hii itakuua. “Kamata bulangeti. Na ingine. Funika!”

Mwaka jana ndivyo tulivyoanza, kwa kufunika. Tulimpandishia mablanketi mpaka akaonekana kama punda wa mizigo. Asubuhi alikuwa anatetemeka chini ya mzigo ule, meno yanagongana, jasho kidogo kifuani na mgongo kama chuma cha reli. Tukaongeza blanketi. Baridi ikabaki pale pale. Mke wa askari akaona aibu kwa ajili ya mablanketi yake, akasema labda mzee ana homa.

Seremala akaleta mbabula, jiko la makaa, akaliweka chini ya machela. Nilimkatalia, sikusikilizwa. Joto lilikuwepo, hilo sikatai. Moshi pia ulikuwepo, na kifua kile kilikohoa mpaka jirani wa nyuma ya ukuta akauliza kama tunachinja mtu. Kisha cheche moja ikapanda ikakata kamba mbili za wavu, na Baba Zamu akashuka kwa matako mpaka karibu na makaa. Alipotolewa alisema, “Seremala, kama unataka kunioka, nitie chumvi kwanza.”

Tukajaribu plastiki. Nilimzungushia nailoni ile ya kufunikia mbao, upepo usipite. Upepo haukupita, lakini asubuhi alikuwa ameloa kama aliyelala mtoni, na maji yale yalipopoa yalimtesa kuliko upepo. Tukajaribu chupa za maji ya moto, moja kwapani, moja miguuni. Hizo zilisaidia kwa muda, kisha zikawa mawe ya baridi anayoyakumbatia. Tukajaribu maboksi mgongoni. Machela inamkunja mtu kama ndizi, maboksi yakakataa kukunjwa, yakatokeza pembeni.

Katika hayo yote alituachia tumfanye tulivyotaka. Alicheka nasi. Lakini niliona kitu nisichokielewa wakati ule: kila jaribio lililoshindwa lilimpa aina fulani ya utulivu. Tukikubali tumeshindwa, alikuwa anasema, “Haiko shida. Nilijua.” Na siku hiyo alikaa mahali pamoja muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

Mimi sikutulia. Nilikuwa nikishona huku nasikia kikohozi kile. Nimefanya kazi hii tangu nilipoolewa. Najua maganda, majani, pamba ya msufi, vipande vya sponji. Asubuhi moja nilipita chini ya machela kuokota uzi ulionidondoka, yeye akiwa bado ndani, nikainua mkono bila kuwaza nikamgusa mgongo kupitia wavu. Blanketi alilolilalia lilikuwa hapo, ndiyo, lakini uzito wake ulikuwa umeliminya kwenye kamba likawa jembamba kama karatasi. Na karatasi ile ilikuwa baridi kama ukuta. Upepo ulikuwa unapita hapo chini huru kabisa, unamlamba mgongo, na sisi tunampandishia mablanketi tumboni.

Najua ni nini kinachotokea kwa godoro lililolaliwa sana. Linakufa katikati, pale mtu anapoliminya, na pakishakufa hapatoi joto. Kinachotia joto ni ule wepesi uliomo ndani, hewa iliyokaa kimya kati ya ganda na ganda. Basi mzee huyu alihitaji godoro asilolilalia. Godoro la kuning’inia chini ya machela, nje, limguse tu bila kubeba uzito wake.

Niliposema hivyo seremala aliweka randa chini.

“Mama, bantu banalalaka juu ya matela. Weye unaweka matela chini ya kitanda?”

“Chini ya tipoyi.”

“Sasa hiyo matela njo ya nani, ya Baba ao ya upepo?”

“Ya upepo. Upepo ilalie hii, imuache Baba.”

Nililishona refu na jembamba, kwa mifuko ya mahindi, nikalijaza maganda laini na msufi kidogo, nikalitia vyumba vyumba ili vitu visikimbilie katikati. Nikaweka kamba pande zote. Kulifunga ndiko kulikotusumbua. Alilala machelani mchana kweupe, mimi nimelala chali chini yake kwenye vumbi, seremala anashika kamba upande wa miguu.

“Vuta,” nasema.

“Hapana, unaniminya. Legeza.”

“Sasa?”

“Sasa upepo inapita ku matako.”

“Vuta kidogo upande ya kichwa, seremala. Baba, usitembee.”

“Minyi sitembei. Ni dunia.”

Mke wa askari alikuwa amekaa langoni anacheka mpaka anajishika mbavu, anawaita wapita njia waje waone mama anayeishonea hewa godoro. Likikazwa sana lilibanwa, likawa kama lile blanketi. Likilegezwa sana lilifungua mdomo na upepo ukaingia. Mwisho tulipata mahali pake. Nikaingiza mkono kati ya wavu na godoro, nikangoja. Joto likaanza kuja mkononi mwangu taratibu, joto lake mwenyewe lililokuwa linapotea miaka yote ile.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa limepanda na lango bado limefungwa. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Seremala aliruka ukuta, nikasikia nyayo zake zinakwenda mpaka barazani, zikasimama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mama Matela, hajibu.” Nilipopanda na mimi, nilimkuta mzee amelala, mdomo wazi, uso wake umelegea kama uso wa mtu mwingine mdogo zaidi. Alikuwa hakohoi. Tulisimama pale wawili tukimtazama kama watu waliotengeneza redio iliyokufa wakaisikia inasema.

Akafungua macho. Akaangalia jua. Akapeleka mkono chini ya mgongo wake, akaubakiza hapo, na uso ukabadilika. Nilidhani atatushukuru. Alishuka, akafungua kamba moja moja, akalikunja godoro, akaja kuliweka juu ya kiti changu. Siku hiyo hakunisalimu, wala iliyofuata. Usiku wake alirudi kwenye wavu mtupu, na kikohozi kikarudi pia.

Seremala alisema ni uzee. Mke wa askari alisema amerogwa, hakuna mtu anayerudisha joto. Mimi nilikasirika, nasema ukweli, nilikasirika kama mtu aliyepika akamwagiwa chakula. Kisha hasira ikaisha nikabaki na hofu tu, kwa sababu mashika ilikuwa bado katikati na muuguzi alishasema neno lake.

Kabla sijafika mwisho niseme hili, ili mtu asidhani nataka kumdanganya. Godoro langu halikumponya. Alivuka baridi ya mwaka jana, akavuka na ya mwaka huu, muuguzi mwenyewe alishangaa, na mvua za kwanza zilipoanza kifua kile kile kikamshinda, hospitalini, juu ya kitanda cha chuma, seremala akiwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Kama ni godoro lililompa huo mwaka, sijui. Watu wananiambia ndiyo. Wananiambia hivyo kwa wema.

Ninachotaka kukiandika ni asubuhi ile aliyokuja kwangu, katika mashika ya mwaka jana, baada ya siku zile za kutosalimiana.

Nilikuwa nachambua maganda. Alikuja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavuta kigoda akakaa. Miguu yake ilikuwa inacheza. Aliangalia godoro lililokunjwa, halafu mikono yangu.

“Minyi nilikuwa na bibi,” akasema.

Sikujua. Tulijua hana mtu, hatukuwa tumeuliza ni kwa nini.

Alinieleza bila kutembea, mwanzo na katikati na mwisho. Mke wake aliugua huko ziwani, wakati kama huu wa baridi. Gari lilikuwa halifiki. Aliufungua wavu wake mmoja, mzuri, akaukunja mara mbili, wakaufunga kwenye mti, wakamlaza mke humo, na wanaume wakambeba begani kwa kupokezana, kuelekea mahali magari yanapopita. Njia ile anayeijua anaijua. Alfajiri upepo ulikuwa unatoka majini.

“Alikuwa anasema, mugongo, mugongo. Sisi tukasema, ugonjwa umefika mu mugongo. Tukasimama, tukamukanda. Tukatembea tena. Mugongo, anasema. Nikavua koti yangu, nikamufunika juu. Bantu tulikutana nabo mu njia, bamama bazuri, banatoa bitenge yabo, banamufunika juu. Alikuwa amefunikwa kama mutoto ya mufalme. Anasema, mugongo.” Alikitazama kiganja chake. “Hakuna mwenye alitia mukono chini, Mama Matela. Hata moja.”

Hakufika. Walirudi naye katika wavu ule ule.

Mashika ya kwanza aliyokuja Kamina, akiwa zamu, alijifungia machela kwa mazoea tu, ndipo alfajiri akasikia mgongo wake unauma kwa baridi huku tumbo lina joto. Ndipo akaelewa neno alilokuwa anaambiwa na mke wake. Tangu hapo hakushuka. Hizo za nyoka na visiwa na dhambi zilikuwa za kutupatia sisi kitu cha kusema. Alikuwa analala humo kila baridi ili aone kama kuna njia ya kupata joto ndani ya tipoyi. Na kila ilipokosekana, alipumzika. Kama haiwezekani kwa mtu yeyote, basi na yeye hakuwa na cha kufanya siku ile.

“Halafu weye ukashona hiyo,” akasema, akaonyesha godoro kwa kidevu.

Nilikuwa na ganda mkononi. Sikuweza kuliweka wala kuendelea nalo.

“Weye njo unajua kazi ya matela,” akasema. “Nijibu. Kama tungefunga kitu kule chini, hata mafunjo tu, mafunjo ilikuwa mingi, iko pale pale ku maji. Angefika?”

Nilijua jibu analopewa mtu katika hali kama ile: hapana, asingefika. Padri alikuwa amempa, ndugu zake walikuwa wamempa, ndiyo maana alikuwa anatoka kanisani kabla ya mwisho. Seremala angempa pia, kwa upendo.

“Kama angefika, sijui, Baba,” nikasema. “Ugonjwa ule siujui. Lakini ile baridi hangeisikia. Hiyo najua.”

Seremala alikuwa ameacha kupiga msumeno. Sijui alisikia kiasi gani. Nikaogopa kwamba nimemuua mzee kwa mdomo wangu kabla baridi haijamuua. Machozi yakamshuka, hakuyapangusa, wala hakuficha uso.

“Eyo,” akasema mwishoni, akiitikia kwa kichwa. “Eyo. Bote banasemaka hakuna kitu tungefanya. Bananiambia vile ili nilale.” Akavuta pumzi, ikamkwaruza. “Sasa leta hiyo kitu. Funga.”

Tulilifunga, mimi na seremala, bila mzaha wa aina yoyote. Akapanda. Ilikuwa asubuhi, watu wanapita, wateja wananingoja, na yeye amelala machelani jua likimpiga miguuni. Nikataka kuondoka nimwachie nafasi. Akanishika kitenge.

“Alikuwa hajui kuogelea,” akasema. “Muntu ya ziwa! Amezaliwa juu ya maji, hajui.”

“Kweli, Baba?”

“Akipanda mutumbwi yangu alikuwa hashike mutumbwi. Ananishika sikio. Hii.” Akalishika. “Namuambia, mama, shika ubao, sikio itakatika. Anasema, ubao inaweza kuzama peke yake, isiniambie kitu. Sikio iko na mwenyewe.”

Akaanza kucheka. Kikohozi kilijaribu kumkatiza, akakipita, akaendelea kucheka, sikio lake bado mkononi.

“Tulikuwa tunafika soko ya Kinkondja na sikio nyekundu,” akasema. “Moja tu. Bantu bote banajua: ule amekuya na bibi yake.”